Kiti cha Mfiwa

Mlandege, Iringa
4 Mei

Kwa mwanangu Aroni,

Kamwene. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Mbeya na biashara ya mchele inakwenda. Mimi huku ni mzima, ila masikio ndiyo yameniaga kabisa. Jumapili niliona watu kanisani wameinamisha vichwa, nikadhani ni sala, nikasema amina kwa nguvu. Vitus akaniandikia baadaye kwamba lilikuwa tangazo la kuchangia choo cha shule.

Simu uliyoninunulia nimempa huyo huyo Vitus mwenye kibanda cha kuonyeshea mpira, maana kiziwi na simu hawana la kuzungumza, na herufi zake ni ndogo kama mbegu za ulezi. Tuendelee na barua. Makondakta wa mabasi wanaozibeba wananifahamu, hawanisumbui.

Sasa jambo lenyewe. Nimeona kwa Vitus kwamba Taifa Stars watacheza na Zambia kule Ndola mwezi wa sita. Wewe ni mwanachama wa tawi la mashabiki hapo mtaani kwako Soweto, na kila mara nasikia, yaani nasoma, mmepanda basi mmekwenda. Nataka kwenda nanyi. Stars nimewaona Dar nikiwa kijana mwenye masikio. Ugenini sijawahi. Wanasema huko wenyeji wanapiga kelele mpaka mashabiki wageni wanaingia baridi na kuimba kwa kunong'ona. Mimi hawaniwezi. Uwanja mzima ukipiga kelele, nitawaona tu wanafungua midomo. Waambie wenzako kwamba hawatapata shabiki wa ugenini kama kiziwi.

Natania, lakini sitanii. Macho nayo yameanza kuleta ukungu upande mmoja. Nataka niione Stars ugenini kabla macho hayajayafuata masikio. Sijawahi kukuomba kitu kikubwa. Hiki naomba.

Ni mimi,
Baba yako


Soweto, Mbeya
9 Mei

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata na nimecheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Mimi ni mzima, mchele wa zamani umekaribia kwisha sokoni na tunasubiri mavuno ya Madibira. Pole na hilo jicho. Usilisugue.

Baba, Ndola utakwenda. Ngoja nikueleze inavyokuwa, maana tiketi za ugenini hazinunuliwi dirishani. Wenyeji wanatoa kona ndogo ya jukwaa kwa ajili ya wageni. Tiketi za kona hiyo zinakuja kwa kamati ya mashabiki, kamati inagawa kwa matawi, na sisi wa Mbeya kwa sababu tuko karibu na mpaka tunapewa basi zima. Mwenyekiti wetu Asukile hampi mtu tiketi mkononi hapa mjini. Anazigawa ndani ya basi tukishavuka Tunduma, kwa sababu safari moja watu walizichukua mapema wakaziuza, wakaenda kulala.

Anayepewa kwanza ni yule ambaye hakosi safari za nyumbani, yaani mechi za Dar. Ukikosa Dar bila kuumwa au kufiwa, ugenini unakatwa, hata kama wewe ndiye mpiga ngoma. Mimi sijakosa bado. Nitamwambia Asukile kwamba nina mzee wangu, na kiti chako wewe hesabu kipo. Shughulikia hati ya dharura ya safari na sindano ya homa ya manjano. Bila hivyo viwili hata Asukile hawezi kukuvusha.

Wasalimie akina Vitus.

Mwanao,
Aroni


Mlandege, Iringa
16 Mei

Mwanangu Aroni,

Kamwene. Mzima? Mimi ni mzima, na bega la kushoto linauma kwa furaha, maana ndiko nilikochomwa sindano. Nesi aliandika kwenye kiganja chake, "Mzee unakwenda wapi?" Nikamjibu kwa sauti, "Ndola, kwenye mpira!" Inaelekea nilipaza, kwa sababu foleni yote iligeuka.

Hati ya dharura nimepata. Picha yao imenitoa kama mtu anayetafutwa na polisi, lakini jina limeandikwa sawasawa, Bartholomeo Kikoti, na tarehe zote ziko sawa. Nimempelekea fundi suruali ile ya harusi ya mdogo wangu aipunguze kiuno. Koti ninalo. Jezi utanipatia wewe.

Nimewatangazia kwa Vitus kwamba siku ya mechi wasiniwekee nafasi kwenye benchi. Wazee wenzangu wamenuna. Mmoja ameniuliza kwa ishara kama kuna nafasi ya pili, nikajifanya sielewi ishara. Usiku silali vizuri, nawaza hiyo kona ya jukwaa. Mungu akubariki mwanangu, umenifanya mtu mbele ya watu.

Baba yako


Madibira
29 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Nakuandikia kutoka Madibira. Mpunga umeanza kuvunwa mapema mwaka huu, na asiyekuja sasa atanunua kwa wenzake. Ni vumbi na mbu, lakini namshukuru Mungu.

Baba, nina habari ambayo si nzuri. Viti vimepunguzwa. Na Asukile amesema hataki wazee kwenye safari ndefu, eti mzee akizidiwa njiani basi zima linakwama. Nimembembeleza sana, amekuwa mgumu kama jiwe la kusagia. Hata mimi mwenyewe sijui kama nitakwenda. Naomba usiniandikie lolote kupitia tawi, na usimtumie Asukile ujumbe, kwa sababu ana hasira na anaweza kunikata na mimi.

Ipo siku, Baba. Hati yako bado ni nzima, itatumika safari nyingine. Itazame kwa Vitus, mpira ni ule ule.

Mwanao,
Aroni


Mlandege, Iringa
9 Juni

Kwa Aroni,

Salamu. Afya yangu usiiulize, kwa sababu mtu aliyekufa haulizwi afya.

Jana mchana nilikuwa kibarazani nachambua maharage. Basi likasimama barabarani, wakashuka watu wengi wamevaa jezi za Stars, kila mmoja na kitambaa cheusi mkononi. Wapiga ngoma walibeba ngoma zao zimefunikwa kwa kanga. Wakapanga mstari, wakaja kunishika mkono mmoja mmoja, wanawake wanafuta machozi. Nikadhani Stars wamefungwa vibaya Dar.

Mwenyekiti wenu Asukile, yule mwenye kipara, akazungumza muda mrefu. Nikamwonyesha masikio. Akatoa kalamu akaandika nyuma ya bahasha: "Poleni sana na msiba wa Mzee Bartholomeo, baba yake Aroni wetu. Tunatoka Dar kwenye mechi, tumeona tusipite Iringa bila kuhani. Wewe ni nani wa marehemu?"

Mara ya kwanza nilidhani amekosea nyumba. Nikasoma tena jina langu, nikasoma na lako. Ungo ulinitoka mikononi, maharage yakamwagika yote, na mama mmoja akainama kuyaokota huku analia. Niliumia, Aroni. Nakuambia waziwazi niliumia, nikataka kuketi chini kwenye udongo. Kalamu nilikuwa nayo. Ningeandika "Ndiye mimi" na wewe ungekuwa umekwisha, Mbeya nzima wangekucheka mpaka sokoni. Nikaandika: "Mimi ni kaka yake mkubwa."

Usidhani nilikuonea huruma. Nilitaka kujua umeniua kwa ajili gani.

Asukile akaniandikia yote. Kwamba ulisema nilianguka shambani Idodi na mkanizika huko huko, ndiyo maana ukakosa safari ya Dar. Kumbe ulikuwa Madibira unanunua mpunga. Kwamba kwenu anayefiwa hakatwi, bali anafutwa machozi, anapewa kiti cha kwanza cha ugenini. Kiti cha mfiwa, mnakiita. Kwa hiyo hukutaka kukosa mpunga, na hukutaka kukosa Ndola, na katikati ya hivyo viwili nilikuwepo mimi, basi ukanifukia.

Nikamuuliza kuhusu wazee kukatazwa kusafiri. Akashangaa. Akaandika kwamba safari iliyopita alimbeba mzee mwenye mkongojo, na hakuna aliyewahi kumtajia kwamba baba yako alitaka kwenda.

Wakasali. Wakaniachia gunia la mchele la rambirambi, na Asukile akaandika kwa fahari kwamba wamelinunua kwenye kibanda chako kabla ya kuondoka Mbeya. Nimeupika jana. Ni mchele mzuri, huna haja ya kuuonea aibu.

Walipotaka kuondoka nikaomba tena kalamu. Nikaandika: "Marehemu alikuwa na hamu moja tu, kuiona Stars ugenini. Na mimi hamu yangu ni hiyo hiyo, na hati ninayo." Asukile akawasomea wenzake, nikaona vitambaa vinatoka mifukoni. Wakasogea pembeni. Aliporudi aliandika: "Kila msiba una kiti kimoja. Mkubwa wa familia ndiye wa kufutwa machozi kwanza. Baba Mkubwa, wewe ndiye utakwenda Ndola. Aroni ni kijana, atasubiri."

Nakushukuru kwa kifo ulichonipatia. Kimenifaa kuliko uhai.

Ni mimi,
Baba yako Mkubwa


Soweto, Mbeya
11 Juni

Baba,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi. Nilipoipokea barua yako sikufungua kibanda siku nzima. Ni kweli nilisema. Shetani alinipitia. Lakini fikiria na wewe, mpunga wa Madibira ndio chakula changu cha mwaka mzima, na Asukile hajui udhuru wa biashara. Nilijua hutadhurika. Neno tu halimuui mtu.

Sasa Asukile amenitangazia mbele ya tawi zima kwamba kiti nimempisha Baba Mkubwa, watu wakanipigia makofi. Nikapiga na mimi. Baba, kiti kile ni changu. Safari zote za nyumbani nimekwenda mimi, nimelala kwenye basi mimi, nimeimba mpaka koo likatoka damu. Wewe umekuja siku moja umeshika kalamu tu umekichukua. Na samahani kwa kusema hivi, lakini wewe husikii. Uwanja ni sauti. Kiziwi atafaidi nini Ndola ambacho hakipati kwa Vitus?

Nakuomba mwandikie Asukile kwamba bega linauma, huwezi. Yaishe.

Mwanao,
Aroni


Mlandege, Iringa
13 Juni

Kwa Aroni, mtoto wa marehemu mdogo wangu,

Salamu. Bega limepona, ahsante.

Unauliza kiziwi anafuata nini uwanjani. Nitakujibu, japo hukuuliza ili ujibiwe. Kwa Vitus naona kile ambacho mwenye kamera ameamua nikione. Anaufuata mpira, na mimi naufuata mpira. Nataka nimtazame beki ambaye hana mpira, anavyosimama, anavyofuta jasho, anavyomtazama mwenzake aliyekosea. Nataka nisimame katikati ya watu wangu wachache, tukifunga nirukiwe na mtu nisiyemjua. Tangu mama yako alipofariki hakuna mtu aliyenikumbatia mpaka siku tawi lako lilipokuja kunililia. Hilo ndilo ninalofuata. Kama unaona ni dogo, basi kiti kisingekuuma hivyo.

Siandiki kwa Asukile. Na usiponiheshimu nitaandika, lakini si kuhusu bega.

Sharti langu ni hili. Nikifika Mbeya utanipokea stendi mbele ya wenzako na kitambaa cheusi mkononi. Utanibebea begi. Utaniita Baba Mkubwa, na wakikupa pole utaipokea kwa sauti ya huzuni, nikikutazama. Nataka nione unavyonililia.

Jambo moja tu linanisumbua. Hati yangu ina jina langu, na mpakani watalisoma mbele ya Asukile. Wataniuliza na mimi sitasikia. Nalifikiria.

Baba yako Mkubwa


Soweto, Mbeya
15 Juni

Baba yangu,

Shikamoo sana. Hujambo? Nimeisoma barua yako usiku na asubuhi, na pale ulipomtaja mama nililia. Sina la kujitetea. Nimekukosea na nimemkosea Mungu. Kiti ni chako, nimekiachia kwa moyo wote.

Kuhusu hati usihangaike. Nimemwomba Asukile niwasindikize hadi Tunduma kisha nirudi na basi dogo, amekubali. Mpakani mimi ndiye nitakuwa masikio yako na mdomo wako. Asukile na maafisa wakishangaa jina nitasema Bartholomeo lilikuwa jina la babu, na ninyi ndugu wawili mlibatizwa wote kwa jina hilo. Watu wengi wako hivyo, hakuna atakayeuliza zaidi. Wewe kaa kwenye benchi utulie, mimi nitamaliza kila kitu, kisha nitakupandisha kwenye basi na kukupungia mkono.

Nakuomba tu uniite mwanangu, hata kwa kuniandikia.

Mwanao,
Aroni


Mlandege, Iringa
17 Juni

Mwanangu,

Kamwene. Nimefurahi. Nilikuwa nimekasirika mno na niliandika maneno makali, na mengine nilifurahia kuyaandika, Mungu anisamehe. Kile kitambaa cheusi usikivae, yatosha. Mambo ya jina nimekuachia wewe kama ulivyosema.

Nitafika Alhamisi kwa basi la asubuhi. Nitakuletea pombe ya ulanzi kidogo na ule mchele wao uliobaki. Ukirudi kutoka Tunduma usifanye haraka kuniandikia, mimi ndiye nitakayeandika kwanza, nikueleze mechi yote mwanzo hadi mwisho kama vile ulikuwepo.

Ni mimi,
Baba yako


Soweto, Mbeya
25 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini umefika nyumbani salama na u mzima wa afya. Mimi ni mzima, ila moyo haujatulia.

Sijui uliambiwa nini pale mpakani, kwa kuwa hukusikia. Mimi nilijitahidi sana. Niliwaeleza habari ya jina la babu kama tulivyopanga, nikaeleza mara nyingi, wakakataa kata kata. Wale watu wakishashika jambo hawasikilizi. Asukile naye akaogopa basi lisije likazuiwa, akasema twende. Ilibaki tiketi moja mkononi mwake na kiti kitupu, akanilazimisha nipande. Nilikataa, Baba. Akasema haiwezekani tiketi ya taifa ipotee bure. Nikaambiwa wewe utapandishwa basi la Iringa saa ile ile, ndipo nikakubali.

Ndola sikuifurahia hata kidogo. Nilikaa nyuma kabisa nimejiinamia, nakuwaza wewe. Hata Stars waliposawazisha sikushangilia. Wenzangu waliniuliza nina nini, nikasema kichwa. Mechi iliisha sare ya bao moja kwa moja, hakuna ulichokosa.

Asukile anaamini kwamba Baba Mkubwa alitumia hati ya marehemu, na amekasirika sana. Nimemwomba asikufuate Iringa. Tafadhali na wewe usimwandikie kitu, tuache upepo upite. Nimekuwekea jezi mpya. Mwezi ujao nitaileta mwenyewe, na nitakaa na wewe siku kadhaa.

Usikasirike, Baba. Nijibu hata mstari mmoja.

Mwanao,
Aroni


Mlandege, Iringa
1 Julai

Kwa Aroni Kikoti,

Barua yako nimeipata. Mimi ni mzima. Nakujibu mara hii kwa sababu umeomba.

Ulikuwa mdogo nilipofanya kazi kwenye mashine ya kupasua mbao Mafinga, labda hukupata kujua. Misumeno ikishawaka, hakuna anayemsikia mwenzake hata kama ana masikio mazima. Tulizungumza siku nzima kwa kutazamana midomo. Masikio niliyaacha kule. Kusoma midomo nilirudi nako. Kanisani padri ananigeuzia mgongo, na Asukile ndevu zimefunika nusu ya mdomo, na watu wakizungumza kwa wingi nachanganyikiwa. Lakini mtu mmoja akisimama mbele yangu mwenye kidevu kilichonyolewa, akazungumza taratibu, namsoma. Wewe ulikuwa umenyoa siku hiyo.

Mlikuwa nyuma ya kioo, wewe, Asukile na afisa aliyeshika hati yangu. Afisa alisoma jina. Asukile akakugeukia amekodoa macho. Mimi nilikuwa kwenye benchi nimetulia kama ulivyoniagiza, nakusubiri umtaje babu. Ukanitazama. Hilo ndilo linalonisumbua, kwamba ulinitazama kwanza, na nikakutabasamia. Kisha ukasema, "Hati hii ni ya marehemu baba yangu. Baba Mkubwa ameiiba." Ulisema vizuri, hukukwama hata neno moja.

Asukile alitoka akanivua skafu ya tawi shingoni akakuvisha wewe. Yule Mama Benedicta aliyeniokotea maharage alitema mate karibu na viatu vyangu. Na wewe msindikizaji ulifungua koti, jezi ilikuwa ndani, na pasi ya kusafiria ilikuwa mfukoni, na kadi ya sindano ndani ya pasi. Alhamisi ulinipikia, ukanitandikia kitanda chako, ukalala chini. Nilikesha nikiwaza kwamba nimekuonea mwanangu. Kumbe hivyo vyote vilikuwa tayari ndani ya koti lililotundikwa juu ya kichwa changu.

Basi lilipoondoka nilisimama nikapunga mkono. Nilidhani utashuka.

Maafisa hawakunipandisha basi lolote. Kwa maneno uliyoyaacha nilikuwa mwizi wa hati ya maiti, na mwizi hapandishwi basi. Lakini hawakunitesa. Mtandao wao ulikuwa unasumbua, nikalala pale kwenye chumba chenye mlango wa chuma pamoja na kijana aliyekamatwa na vitenge. Kesho yake mtandao ukarudi, nikaweka kidole kwenye kile kimashine, na uso wangu ukatokea kwenye kompyuta, na jina, na kijiji nilikozaliwa. Afisa mwanamke aliyekuwa zamu alisoma, akanitazama, akaandika kwenye karatasi: "Mzee, wewe ndiye mwenyewe. Tusamehe." Alikuwa wa kwanza kuniomba radhi katika mambo haya yote, na yeye ndiye hakuwa na kosa.

Mechi ilikuwa inaanza. Akanipeleka kwenye mgahawa wao penye televisheni, akaninunulia chai na maandazi, akaketi na mimi.

Unasema ulikaa nyuma umejiinamia. Stars waliposawazisha kamera ilikwenda kwenye ile kona yenu. Ulikuwa mbele kabisa, Aroni, kwenye uzio. Umepakwa rangi kifuani. Mkononi umeshika ncha ya kitambaa kirefu cheusi, na Asukile ameshika ncha nyingine, na katikati wameandika kwa herufi nyeupe, PUMZIKA MZEE BARTHOLOMEO KIKOTI. Mliruka nacho juu na chini. Halafu ukaanza kulia. Watu wakakukumbatia pande zote, na mmoja akakuinua juu, na kamera ikapenda, ikakaa hapo hapo kwenye uso wako, machozi yanaondoka na rangi. Nadhani yalikuwa machozi ya kweli. Sijui ulikuwa unamlilia nani. Niliyafuata machozi hayo mashavuni mwako hadi kidevuni na nilitaka kunyoosha mkono kwenye kioo, nakuambia ukweli, kwa sababu nimekulea.

Asukile sijamwandikia na sitamwandikia. Jezi usilete. Mlango huu usiugonge, kwa kuwa mwenyewe hasikii.

Yule afisa alikuwa ameacha kutazama mpira. Alisoma lile jina kwenye kitambaa, akaitazama hati yangu ambayo ilikuwa bado mezani, akanitazama mimi. Akavuta karatasi akaandika taratibu, kama anaogopa jibu: "Mzee, yule kijana anayelia ni nani wako?"

Nikachukua kalamu nikaandika, "Simfahamu." Akaikunja ile karatasi, akaniongezea chai.

Bartholomeo Kikoti